Mama Sia Ametangulia

Jirani yangu, tuliyepakana naye ukuta kwa ukuta, ana tabia ya kukausha raba za wanawe pembeni ya jiko la mkaa, amezijaza magazeti ndani. Mvua zikianza tu, harufu inanifuata dirishani: mpira uliolowa, tope, mkaa, na jasho la miguu ya watoto. Nasikia kuna watu wakinusa harufu ya utotoni wanalengwalengwa na machozi. Mimi napandwa na wivu. Mtu mzima na mvi zangu, nasimama jikoni na mwiko mkononi, roho inaniuma kwa sababu ya jozi mbili za raba zilizokaushwa zamani nyumbani kwetu Kijenge, kubwa za mama yangu na ndogo za Sia. Zangu hazikuwepo pale jikoni. Zangu zilikuwa kavu kabisa, chini ya kitanda, hazijaenda popote.

Sia alikuwa mtoto wa mama mdogo, yaani mdogo wake mama yangu, tumbo moja. Aliletwa kwetu na mfuko wa rambo wenye nguo zake na kikombe cha plastiki cha kijani ambacho hakutaka mtu akiguse. Siku yenyewe siikumbuki, nilikuwa mdogo mno. Ninachokumbuka ni kwamba kabla yake kitanda kilikuwa changu, na baada yake nililala upande wa ukutani. Alinizidi umri kidogo na urefu zaidi ya kidogo. Alijua kusuka, alijua kuwasha jiko, na hakuwa mtoto wa kulia ovyo, jambo ambalo watu wazima walilisifia mbele yangu kila walipopata nafasi. Na alimwita mama yangu "Mama". Si "Mama mkubwa", kama ilivyokuwa haki yake. Mama, hivihivi. "Mama, nikuletee maji?" "Mama, chumvi imeisha." Mimi nikisikia hivyo nilikuwa nadakia kujibu, ingawa hakuna aliyeniuliza.

Siku moja nilimuuliza mama kwa nini Sia asikae na mama yake mwenyewe. Alikuwa anapepeta mchele uani, na hakuinua uso.

"Mama yake ametangulia," alisema.

"Ametangulia wapi?"

"Ametangulia tu, Naomi. Sote tutamfuata. Hebu nifukuzie huyo kuku."

Nikamfukuza kuku, na jibu nikalichukua kama lilivyo. Kutangulia nilikujua vizuri. Jumapili baba alitangulia kanisani kwa sababu alikuwa mzee wa kanisa, sisi tukafuata. Bibi akija kutoka mlimani, mkungu wake wa ndizi ulitangulia kwenye pikapu ya jirani, na yeye akafuata. Kwa hiyo mama mdogo alikuwa mbele huko, mahali fulani, anatungoja. Hilo halikunishangaza hata kidogo. Kilichonishangaza ni mtu kutangulia akasahau mtoto wake kwenye nyumba ya watu.

Sasa, kila mwaka kahawa zinapochanua, mama na Sia waliondoka kwenda hija. Mama alizaliwa Mkatoliki huko Rombo. Alipoolewa na baba, Mmeru na Mlutheri tangu tumboni, alihamia kanisa la mume kama ilivyotakiwa, nami nikabatizwa hukohuko kwa baba. Lakini tangu Sia aje kwetu, hija hakuikosa. Wala haikuwa ile hija kubwa ya maspika na fulana za rangi moja, ambayo watu wanajaa barabarani mpaka magari yanasimama. Hii ilikuwa ya watu wachache, wengi wao akina mama wa Kaloleni na Kijenge, waliopita njia za ndani kwenye migomba, chini ya mlima, wakalala njiani, na kesho yake wakapanda kwenye pango la Bikira Maria lililoko juu ya Kikatiti. Hakuna aliyewapiga picha. Walitoka kukiwa bado giza na wakarudi wakiwa wamejaa tope, basi.

Baba hakuipenda na hakuikataza. Alisema tu, "Mama Naomi, wewe na Sia nendeni salama. Naomi ni mtoto wa kanisa letu, abaki." Na mama yangu, ambaye kwa mambo mengine aliweza kumjibu baba mpaka mwenyewe akatafuta koti akatoka, kwa hili alinyamaza.

Nilibaki na Bibi, mama yake baba, aliyeshuka kutoka mlimani kuja kunitunza. Kiswahili cha Bibi kilichanganyika na Kimeru, na maneno mengine aliyapinda kwa raha zake. Nikamuuliza mama yuko wapi.

"Ameenda haja," alisema.

"Haja, Bibi?"

"Eee. Haja. Huko Kikatiti."

Nilikaa nikafikiri sana. Choo chetu kilikuwa nyuma ya jiko, kina mlango mzuri wa bati na komeo. Haja gani hiyo ya kulala njiani? Tena ya kwenda wawili, yeye na Sia? Nilimuuliza baba wakati wa chakula cha jioni, akapaliwa, akacheka mpaka akavua miwani. Halafu akanieleza: ni hija, siyo haja. Ni watu kwenda kwa miguu mpaka mahali patakatifu.

"Kumfuata nani?" niliuliza.

Baba hakutaka habari za Bikira Maria mezani kwake, na Bibi alikuwa anasikiliza. "Wanawafuata waliotangulia katika imani," alisema. "Kula."

Basi, nikaelewa yote kwa mara moja. Waliotangulia! Kumbe mama mdogo alikuwa kule. Kila mwaka mama alimpeleka Sia kwa mama yake, wakaonana, wakala pamoja, halafu kwa sababu zao za watu wazima akamrudisha tena kwetu. Hebu fikiria mwenyewe. Sia alikuwa na mama wawili, mmoja wa kule mbele na mmoja wa hapa. Mimi nilikuwa na mmoja, tena wa kugawana.

Wakirudi, walikuwa wanachechemea na wanacheka. "Unamkumbuka yule mbuzi, Mama?" anasema Sia, na mama anaangua kicheko mpaka anashika mlango asianguke. Mbuzi gani? "Ah, Naomi, hadithi ndefu." Kisha mama anachemsha maji, anatia chumvi, na wote wawili wanaweka miguu kwenye beseni moja, vidole vimevimba, malengelenge yao wanaoneshana kama watu wanaooneshana pete. Nilisimama mlangoni nikiangalia lile beseni. Mwaka mmoja niliivuta stuli nikatia na miguu yangu kwa nguvu, maji yakamwagika. Mama akasema, "Na wewe umetembea wapi?" Alikuwa anatania. Sijausamehe utani ule mpaka leo, na mama yangu sasa ni mzee wa kushikwa mkono, na akiumwa, mtu wa kwanza kumpigia simu ni Sia aliyeko Moshi, wakati mimi niko hapahapa Arusha na gari langu mlangoni.

Nilipofika darasa la pili nikaona imetosha. Niligoma kula mpaka nami nipelekwe hija. Sikulia wala sikujigaragaza, maana nilijua kwa kulia ningechapwa. Nilikaa mezani kwa adabu, nikafumba macho wakati wa sala, nikaitikia amina kwa sauti, na sikugusa kitu. Siku mama alipopika ndizi nyama, chakula ambacho hata sasa ukinipa usiku wa manane naamka, nilimeza mate tu. Mama alinigusa shingoni kuona kama nina homa. Baba alinikumbusha amri ya kuwaheshimu wazazi. Bibi ndiye aliyemaliza shauri, amekaa kwenye kigoda chake anamenya ndizi.

"Mwanangu," alimwambia baba, "mtoto akitembea, anakuwa Mkatoliki?"

"Hapana, Mama."

"Mimi nilitembea mpaka Sanya kutafuta mbegu ya maharage. Nikawa Mmasai?"

Baba aliangalia sahani yake. "Hapana, Mama."

"Basi mwache aende aone hiyo haja. Atatufia hapa."

Jioni kabla ya safari Sia alinifundisha kupaka sabuni ya mche kisiginoni ili raba isinichubue. Akanikunjia soksi. Akanichagulia kanga ya kujifunika. Alifurahi kweli kwamba naenda, na hilo lilinikera kuliko kama angenuna, kwa sababu mtu anayekufurahia huna pa kumshika. Nilimwambia najua mwenyewe. Alipogeuka nikapaka sabuni kama alivyosema.

Alfajiri tulikuwa kwenye uwanja wa kanisa lao, baridi ya mlima imetushika masikioni. Watu walikuwa wanafika mmojammoja na mifuko yao, chupa za chai, viazi vitamu vilivyofungwa kwenye vitambaa. Mwanamke mmoja mnene mwenye sweta ya bluu akapaza sauti kutoka getini: "Mama Sia! Jamani, Mama Sia!"

Niligeuka haraka. Nilijua amefika, amekuja kutupokea mapema ili tusipotee. Niliangaza huku na huku kumtafuta mwanamke anayefanana na Sia.

"Abee!" akaitika mama yangu.

Wakakumbatiana. Akaja mwingine: "Mama Sia, habari za siku nyingi." Na mwingine: "Mama Sia, mguu umepona?" Kwa wote mama aliitika, anatabasamu, kama vile ndilo jina alilozaliwa nalo. Sijui kama naweza kumweleza mtu jinsi nilivyoumia. Mama alikuwa Mama Naomi. Muuza mboga alimwita hivyo, mchungaji alimwita hivyo, baba mwenyewe alimwita hivyo. Kitanda Sia alikuwa ameshakichukua, na mapaja ya mama jioni alikuwa ameshayachukua, lakini lile jina lilikuwa langu, nilimpa mimi kwa kuzaliwa kwangu, na nilidhani halishikiki. Kumbe huku nje, kila mwaka, mama alikuwa analivua.

Nilimvuta kanga. "Mama, wanakuita nani?"

"Wamezoea, mwanangu. Waache."

"Si uwaambie!"

"Naomi. Twende."

Nilikuja kuelewa nikiwa msichana mkubwa. Mama mdogo alipanga chumba Kaloleni, akauza nyanya, na yeye ndiye aliyekuwa wa kundi hili, akitembea nao na Sia mgongoni. Mwaka ambao mama alikuja na mtoto yuleyule amemshika mkono, jina lilimrukia, na hakuwa na moyo wa kulirudisha. Lakini pale uwanjani sikujua lolote kati ya hayo, nilijua tu kwamba nimeibiwa mchana kweupe.

Aliyetuongoza alikuwa katekista, mwanaume mrefu aliyevaa koti la suti na raba, na fimbo yenye kitambaa cheupe. Kabla ya kuondoka alimwomba kila mtu aseme nia yake, yaani jambo analolibeba njiani kuliombea. Mmoja akasema mume wake aache pombe. Mmoja akasema goti. Mama mwenye sweta ya bluu akasema mwanawe afaulu. Mama yangu alisema, "Yangu ni ileile," na watu wakaguna kwa upole. Katekista akainama kwangu.

"Na huyu mgeni wetu? Nia yako ni nini, binti?"

"Nataka kumkuta Mama Sia," nilisema.

Wakacheka wote. "Si huyo hapo! Umeshamkuta!" Mama hakucheka. Alinitazama kama mtu anayetaka kuuliza kitu, lakini fimbo ilishanyanyuliwa, rozari ikaanza, na tukaondoka.

Siku ile ya kwanza naikumbuka kwa miguu. Vumbi laini jeusi la mlima linaloingia mpaka ndani ya soksi. Mifereji ya kuruka, maji yake ya baridi yanapita chini ya mizizi ya migomba. Maua ya kahawa yalikuwa yamefunguka, meupe, harufu yake nzito na tamu mpaka unajisikia kama umekunywa kitu. Mlima ulijitokeza asubuhi, ukajifunika, na haukutujali tena. Watoto walitoka kwenye boma wakatufuata kidogo, wakachoka, wakarudi. Hakukuwa na spika. Kulikuwa na sauti za kina mama zinazopokezana Salamu Maria kwa uchovu mzuri, na mimi Mlutheri mdogo nikifungua mdomo bila kutoa neno, kwa kuogopa baba atajua.

Ningefurahia yote, kama si wale wawili. Walijua kila kitu. Walijua mti wa kupumzikia. Walijua nyumba yenye mbwa mkali, wakashikana mikono kabla hata mbwa hajabweka. Kwenye mfereji mmoja mpana waliruka pamoja, mguu uleule, bila kuhesabu. Tulipofika kwenye ua mmoja wa michongoma wakaangaliana, wakaanza kutetemeka kwa kicheko, na hatimaye niliambiwa habari za yule mbuzi: aliwahi kula kofia ya mama. Ndiyo hiyo tu. Miaka yote ile naambiwa hadithi ndefu, kumbe mbuzi kala kofia.

Tulilala kwenye darasa la shule, madawati yamesogezwa ukutani. Kabla jua halijazama wenyeji walituletea maji ya moto, na mama akatuosha miguu, mimi na Sia, kwa beseni la kuazima. Alianza na yangu. Nilifurahi mpaka nikamwangalia Sia kwa dharau. Halafu nikaona kwamba yangu aliikung'uta kwa kitambaa akamaliza, lakini ya Sia aliikausha katikati ya vidole, kidole kimoja baada ya kingine. Labda ni kwa sababu Sia alikuwa na lengelenge. Nililala nimewapa mgongo wote wawili.

Kesho yake tulivuka mto wa Maji ya Chai kwenye mawe, na ng'ambo ya mto katekista akasimama. Kuanzia pale mpaka pangoni, alisema, ni kimya. Hakuna kuongea, hakuna kunong'ona, kila mtu na Mungu wake. Mama alikuwa amebaki nyuma kumsaidia bibi mmoja kuvuka. Sia alikuwa mbele yangu, anafinya maji kwenye pindo la gauni. Nikaona ndiyo nafasi yangu.

"Leo namkuta mama yako," nilimwambia.

Akageuka. "Mama yangu yupi?"

"Yule aliyetangulia. Si yuko huko juu? Nakwenda kumwambia akuchukue. Akuchukue moja kwa moja, asikurudishe tena."

Uso wa Sia ulibadilika. Alifungua mdomo, na sijui angesema nini, kwa sababu mama wa sweta ya bluu alimgusa begani na kuweka kidole mdomoni. Katekista akanyanyua fimbo. Kimya kikaanza.

Nami nikatangulia. Nilipita pembeni ya katekista, akaninyooshea mkono, nikaukwepa. Hakuna aliyeweza kuniita. Nilisikia nyuma yangu makofi mawili madogo, makofi ya mama ninayoyajua, lakini nilishakata kona. Njia ilipanda kwenye kahawa, ikawa nyembamba, majani yaliyolowa yananipiga usoni, na nilikimbia huku napanga maneno. Shikamoo, Mama mdogo. Mimi ni Naomi. Mtoto wako yuko nyuma, ana nguo zote, hajambo. Mama anasema asante. Hilo la mwisho nililiongeza kwa ajili ya adabu.

Pango lilikuwa dogo kuliko nilivyodhani. Sanamu yenye joho la bluu lililobanduka rangi, mishumaa iliyokwisha, maua kwenye kopo. Hakuna mtu. Lakini nyuma yake moshi ulikuwa unapanda kwenye kibanda cha mabati, nikaukimbilia. Mwanamke alikuwa amekaa mbele ya sufuria kubwa, anamenya ndizi za kutupikia, mikono imekuwa myeusi kwa utomvu. Hakufanana na Sia.

"Shikamoo."

"Marahaba. Heh, wewe peke yako? Wenzako wako wapi?"

"Wanakuja. Namtafuta Mama Sia."

"Mama Sia si mko naye? Atakuwa nyuma anawavuta wazee, kama kawaida yake."

"Siyo huyo. Huyo ni mama yangu mimi." Nilikuwa nahema. "Namtaka Mama Sia mwenyewe. Yule aliyetangulia."

Kisu kikasimama kwenye ganda. Alinitazama, akatazama njia niliyotokea, akanitazama tena.

"Nani kakwambia yuko hapa?"

"Mama alisema ametangulia. Baba akasema hija ni kuwafuata waliotangulia. Kwa hiyo yuko wapi?"

Aliweka kisu chini, akajifuta mikono kwenye kanga ingawa utomvu hautoki kwa kufuta. "Mwanangu," alisema, "yule tulimzika. Kwao Rombo. Na mvua ilivyonyesha siku ile, hata gari lilikwama. Hukuambiwa?"

Kuzika nako nilikujua. Babu tulimzika pembeni ya kahawa zake, na nilitupa udongo kwa mkono wangu mwenyewe. Lakini babu hakuna aliyesema ametangulia. Babu alikufa, wote walisema hivyo, kwa sababu alikuwa mzee na ilikuwa zamu yake. Kumbe lile neno laini walikuwa wamemwekea mama mdogo, aliyekufa bado anauza nyanya. Nilisimama pale na moshi unaniingia machoni, na ningependa kusema kwamba kitu cha kwanza nilichosikia ni huzuni. Cha kwanza kilikuwa hesabu ya nyumbani. Basi harudishwi. Hakuna wa kumrudishia. Kitanda, beseni, jina, ndiyo vimekwenda hivyo.

Ndipo Sia akatokea kwenye kahawa. Alikuwa amekimbia, amewaacha wengine wote na kimya chao, kamba ya raba moja imefunguka inaburuzika kwenye tope. Alisimama mbali kidogo na mimi. Hakunikasirikia. Aliangalia pangoni, akaangalia kibandani, akaangalia nyuma ya yule mwanamke.

"Umemkuta?" aliniuliza, kwa sauti ya chini.

Sia alikuwepo Rombo siku ile ya mvua. Alikuwa na umri wa kutosha kukumbuka, na udongo aliutupa. Alijua kuliko mimi, alijua kuliko wote. Lakini mimi nilikuwa nimesema kwa uhakika mno, na mlima ule ni mrefu, na njia nzima hakuna mtu aliyeruhusiwa kufungua mdomo amwambie kwamba Naomi ni mjinga, asimsikilize.

"Hayupo," nilisema.

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa dukani kwamba sukari imekwisha. Akainama kufunga kamba ya raba. Akaifunga, akaifungua, akaifunga tena, na alikuwa bado ameinama mama alipofika, amelowa jasho, kanga imemvuka begani, kwa ajili yangu. Alinishika bega kwa nguvu, tayari kunigombeza. Yule mwanamke wa sufuria alimwambia maneno machache kwa Kichaga. Nikaona mkono wa mama unaniachia.

Alimwendea Sia akapiga magoti mbele yake. Sijui alimwambia nini. Kisha akamnyanyua, msichana mrefu vile, miguu inaning'inia mpaka magotini kwa mama, raba zake zinampaka tope gauni lote. Na Sia, ambaye hakuwa mtoto wa kulia ovyo, alilia. Alilia kwa sauti pale mbele ya pango, na alichokuwa anasema ni Mama, Mama, Mama, na hakuna aliyejua anamwita yupi. Wengine walianza kufika mmojammoja, wakaona, wakasimama. Mama alikuwa anamyumbisha taratibu, amefumba macho, anaitika. Kila alipoitwa, aliitika.

Nilikuwa nimeshaambiwa, tena kwa neno lisilo na kificho. Nilijua Sia hana mama na mimi ninaye. Nilijua kabisa, na bado nilikuwa nasubiri amshushe.